Waluguru, watu wa milima isiyokuwa na mfalme

Waluguru ni wenyeji wa milima ya Uluguru, safu inayosimama nyuma ya mji wa Morogoro, kilometa zipatazo 190 magharibi mwa Dar es Salaam. Kaskazini mwa safu hiyo kuna kilele cha Lupanga, mita 2,138, ambacho mtu hukiona tangu akiwa ndani ya basi kabla hajafika stendi ya Msamvu. Kusini kuna Kimhandu, kinachopita mita 2,600, na kati ya pande hizo mbili umelala uwanda wa juu wa Lukwangule, wenye baridi na majani ya kinamasi. Miteremko ya mashariki inatazama bahari na hupata mvua nyingi mno, zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka katika sehemu kadhaa. Magharibi, upande wa Mgeta, mvua ni pungufu na baridi ni kali zaidi. Kwa sababu hiyo Mluguru wa Kinole na Matombo ni mtu wa migomba, mananasi, karafuu, pilipili manga na mpunga wa mlimani, na mwenzake wa Nyandira na Langali ni mtu wa kabichi, njegere, karoti na viazi mviringo.

Watu hawa hawakutoka mahali pamoja. Masimulizi ya koo yanataja Ubena, Ukaguru, Unguu, Upogoro na kwingineko, na kila ukoo una njia yake ya kupanda mlima na mzee wake wa kwanza aliyefyeka msitu. Walipanda kwa makundi madogo, kwa nyakati tofauti, wengine wakikimbia njaa na wengine wakikimbia vita vya tambarare. Milima ndiyo iliyowafanya kuwa kabila moja: lugha ikakaribiana ikawa Kiluguru, desturi zikafanana, na majirani wa chini wakawaita kwa jina la mahali wanapokaa. Ndugu zao wa karibu kwa lugha na mila ni Wakutu, Wazaramo, Wakwere, Wakaguru, Wanguu, Wazigua na Wavidunda. Wote hao, kwa asili, huhesabu ukoo kwa upande wa mama.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mtoto wa Kiluguru ni wa lukolo la mama yake, yaani ukoo wa mama. Hizo koo ni nyingi, hukaribia hamsini, na zimegawanyika katika matawi madogo yanayoitwa tombo, watu walionyonya ziwa la bibi mmoja. Tombo ndilo lenye ardhi. Kiongozi wake ni mndewa, ambaye huchaguliwa miongoni mwa wanaume wa ukoo huo wa kike. Yeye hugawa mashamba, hutunza makaburi ya wazee na kichaka kinachoyafunika, na husimamia matambiko ukame unapozidi au maradhi yanapoandama nyumba. Cheo hakirithiwi na mwanawe, kwa sababu mwanawe ni wa ukoo mwingine. Humwendea mdogo wake wa tumbo moja, au mpwa wake, mtoto wa dada.

Baba, hata hivyo, hakuachwa nje. Mtoto hupewa jina kutoka ukoo wa baba, na uhusiano huo huitwa mtala. Mtu aliyekulia Uluguru, akisikia jina la mgeni, zamani aliweza kukisia baba yake ni wa ukoo gani kabla ya kuuliza mama yake ni nani. Ndoa ya binamu, mtu na mtoto wa mjomba wake au wa shangazi yake, ilipendwa kwa sababu iliyo wazi kwa mkulima: wajukuu hurudi katika ukoo uleule, na shamba alilolilima babu halipotei. Mume kwa kawaida alihamia kwa wakwe zake na kuwalimia. Akifarakana na mkewe, yeye ndiye aliyefunga mzigo.

Asiye wa ukoo hakunyimwa ardhi. Aliomba kwa mndewa, akapewa kipande cha kulima, na kila mwaka akatoa ngoto: sehemu ndogo ya mazao, kuku, baadaye fedha kidogo. Ngoto haikuwa kodi ya kumtajirisha mtu. Ilikuwa njia ya kukiri mbele ya watu kwamba shamba lina wenyewe. Kwa sababu hiyo aliyeazimwa shamba alikatazwa kupanda mti wa kudumu bila ruhusa, kwani mti hukaa kuliko mkataba wa maneno, na mwenye mti kesho atadai na udongo. Sharti hilo, kama itakavyoonekana, lina nguvu mpaka leo.

Mfumo wa namna hii si wa Morogoro peke yake. Waashanti wa Ghana, Wachewa wa Malawi, Waminangkabau wa Sumatra na Wachamorro wa kisiwa cha Guam huko Pasifiki nao wamejenga jamii zao juu ya ukoo wa mama. Tofauti ni kwamba Waashanti walipata na mfalme. Uluguru haikupata. Koo zilikuwa nyingi, mabonde yametenganishwa na migongo mikali, na hakuna mndewa aliyeweza kumwamuru mndewa wa bonde la pili.

Waliokaribia utawala mpana zaidi walikuwa waganga wa mvua, na aliyejulikana kuliko wote ni Kingalu wa Kinole, wa ukoo wa Bena. Kingalu ni cheo kinachorithiwa. Kila anayekishika hutofautishwa kwa jina la upande wa baba, ndiyo maana magazeti ya miaka ya karibuni humtaja Chifu Kingalu Mwanabanzi wa 14. Cheo hutoka kwa mama na jina hutoka kwa baba, yaani mpango mzima wa ukoo unasomeka katika maneno mawili. Watu wa mabonde ya mbali walimpelekea sadaka ili mvua inyeshe, na wengine ili isizidi. Heshima hiyo ilivuka mipaka ya ukoo wake, lakini haikumpa haki ya kugawa shamba la mtu mwingine.

Kusini, katika eneo la Kolero, kulikuwa na nguvu ya namna nyingine. Katika pango la huko, kwa imani ya watu, alikaa Kolelo, mzimu uliosemwa kuwa katika umbo la nyoka mkubwa na uliosikiwa kupitia watumishi wake. Wazaramo walisafiri kutoka karibu na pwani kwenda kuomba mvua na rutuba. Kwa karne nzima kabla ya ukoloni, milima ya Uluguru ilijulikana na watu wa tambarare kama mahali pa kwenda kuomba, na vilevile mahali pa kukimbilia.

Sababu za kukimbia zilikuwa nyingi katika karne ya 19. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda bara ilipita pande zote mbili za milima. Kusini kulikuwa na Zungomero, katika nchi ya Wakutu, kituo ambacho Richard Burton na John Speke walikipita mwaka 1857 na Burton akakieleza kwa maneno machungu. Pembe za ndovu zilishuka kwa njia hiyo, na watumwa pia. Wambunga nao walishambulia kutoka kusini magharibi. Aliyekuwa na jamaa mlimani alipanda, na aliyekuwa mlimani tayari akasogea juu zaidi.

Kaskazini, chini kabisa ya Lupanga, alijitokeza Kisabengo. Hakuwa Mluguru. Alikuwa Mzigua aliyejikusanyia wafuasi, wengine kwa nguvu, akajenga boma lililokuja kuitwa Simbamwene. Henry Stanley alipita hapo mwaka 1871 akakuta Kisabengo amekwisha kufa na binti yake ndiye mtawala. Aliona ukuta wa mawe wenye minara minne kwenye pembe na malango manne ya mbao ngumu zilizochongwa nakshi. Alikisia nyumba zipatazo 1,000 na wakazi 3,000, kisha akaongeza kwamba pengine wanafika 5,000 kwa jinsi walivyosongamana. Mtawala huyo mwanamke hakumwogopa mgeni: aliwakamata baadhi ya askari wa Stanley. Masika ya mwaka uliofuata yalikuwa mabaya, na Stanley aliporudi mwaka 1872 alikuta mafuriko yamebomoa sehemu kubwa ya ukuta ule. Mji ulihama kidogo, jina la Morogoro likashika, na uzao wa Kisabengo, akina Kingo, wakabaki na utawala wa bondeni. Kata ya Kingo katikati ya manispaa ndiyo kumbukumbu yao. Tangu mwanzo, basi, mji wa Waluguru ulikuwa na bwana asiye Mluguru, na mlima ulijitawala wenyewe.

Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliotangulia kufika Bagamoyo mwaka 1868, walifungua kituo Morogoro mwaka 1882, wakafika Matombo mwaka 1897 na baadaye Mgeta. Uislamu ulipanda na wafanyabiashara na ukashika zaidi upande wa mashariki. Hata sasa si ajabu tombo moja likawa na kina Fatuma na kina Felista, wote wakikaa katika kikao kimoja cha ukoo, na dini isiulizwe.

Wajerumani walikuja na boma, maakida, majumbe na kodi ya nyumba ya rupia tatu iliyoanza mwaka 1898. Kodi ndiyo iliyouma. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipokuwa vinachemka, sauti ya Kolelo ilisikika tena, safari hii ikiwa na ujumbe wa siasa: watu wasilipe kodi, na Wazungu wataangamizwa kwa gharika. Ujumbe huo ulienea Uzaramo na Ukutu kwa wakati mmoja na maji ya dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Mabonde ya juu hayakuinuka yote, jambo linaloeleweka katika nchi isiyokuwa na mtu mmoja wa kupiga mbiu. Reli ya Kati, iliyoanza Dar es Salaam mwaka huohuo wa 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907. Mashamba ya katani yakafunguka mabondeni, ulanga ukachimbwa milimani, na misitu ya juu ikatengwa kuwa hifadhi ya serikali. Walowezi waliopanda kutafuta ubaridi walijenga nyumba ya Morningside mwaka 1911 na kueneza mboga za Kizungu. Waluguru hawakuupenda ukuli wa katani, lakini mboga walizipokea, na ndiyo asili ya kabichi ya Mgeta inayoliwa Dar es Salaam hadi leo.

Vita ya kwanza ya dunia ilivuka milima hiyo kwa wiki chache tu. Majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, na yale ya Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck yakarudi nyuma kuelekea Kisaki kwa njia za mlimani. Chakula kilichukuliwa na wanaume wakakamatwa kuwa wapagazi. Baada ya hapo njaa na maradhi vilifanya kazi iliyobaki.

Waingereza waliokuja kutawala walikuwa na shida moja kubwa Uluguru. Gavana Donald Cameron, aliyewasili mwaka 1925, alitaka nchi itawaliwe kupitia machifu wa asili, na mlimani hapakuwa na chifu wa namna aliyoitaka. Kwanza walitambuliwa watawala zaidi ya mmoja, wakiwamo Kingalu wa Kinole na mtu wa ukoo wa Kingo mjini. Baadaye Uluguru nzima iliwekwa chini ya sultani mmoja. Katika miaka ya 1950 sultani huyo alikuwa Sabu bin Sabu, na msaidizi wake alikuwa Patrick Kunambi. Mwaka 1960 Roland Young na Henry Fosbrooke walitoa kitabu kizima juu ya ardhi na siasa za Waluguru, na kisa chake kikubwa ni hicho: serikali ilijenga ngazi ya utawala kutoka juu, huku madaraka ya kweli, ya shamba na kaburi, yakiwa chini kwa wandewa ambao ngazi hiyo haikuwahesabu.

Ngazi ilivunjika kwenye matuta. Kuanzia mwaka 1950 serikali iliendesha mpango wa matumizi bora ya ardhi ya Uluguru, kwa hofu kwamba mmomonyoko utaharibu Mto Ruvu na maji yote ya bondeni. Amri zilikuwa nyingi: watu wasichome moto shamba, wasilime kando ya mito, na zaidi ya yote kila nyumba ichimbe makinga maji ya ngazi, kwa siku kadhaa kila juma. Asiyechimba alishtakiwa katika baraza la sultani na kutozwa faini.

Mgeta matuta hayo yalikubali kiasi. Udongo wake ni mzito, wenyeji walikuwa tayari na matuta yao ya ngazi wanayoyatengeneza kwa kufukia magugu, na mboga zilizomwagiliwa zililipa jasho. Matombo mambo yalikuwa mengine kabisa. Udongo wa juu huko ni mwembamba, na kuchimba ngazi kulimaanisha kuufukia na kuuleta juu udongo mkavu usiozaa. Mwanamke aliyekuwa akivuna mpunga na mahindi aliona tuta jipya likimpa mabua. Bwana shamba alisema subiri miaka michache. Lakini shamba lenyewe mara nyingi lilikuwa la kuazima, na hakuna aliyejua kama tuta lililochimbwa leo litakuwa la aliyelichimba, la ukoo wenye ardhi, au la Mzungu atakayekuja kulichukua likishatengenezwa. Hofu ya mwisho haikuwa upuuzi. Habari za mashamba ya walowezi wa Kenya zilikuwa zimekwisha kufika.

Chama cha TANU kilizaliwa Julai 1954. Mwaka mmoja baadaye, Julai 1955, umati ulikusanyika Matombo kupinga matuta, mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango ulikoma mwaka huohuo. Maofisa wengi waliandika kwamba wanasiasa wa mjini ndio waliowachochea wakulima, maelezo yanayompa mwanasiasa sifa isiyo yake: malalamiko yalianza shambani kabla kadi za TANU hazijafika. Kilichotokea ni kwamba chama kilikuta hasira iliyokwisha kuiva, na sultani aliyelazimishwa kuzisimamia amri akapoteza heshima aliyokuwa nayo.

Uhuru ulikamilisha jambo hilo kwa haraka. Mwaka 1963 uchifu ulifutwa kisheria nchini kote. Usultani wa Waluguru uliondoka bila msiba mkubwa, maana ulikuwa mgeni. Wandewa, ambao hawakuwa katika daftari la serikali, hawakuwa na cha kufutiwa, na wakaendelea kugawa mashamba. Vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 vilibadilisha sura ya tambarare kuliko ya milima, ambako watu walikuwa wamesongamana tayari.

Desturi nazo zimebadilika kwa kuchagua. Binti alipovunja ungo zamani aliwekwa ndani akawa mwali, muda mrefu, pengine zaidi ya mwaka, akifundwa na kungwi na kutunza mwana hiti, sanamu ndogo ya mbao yenye kichwa cha vishungi viwili, aliyoipaka mafuta na kuilea ili naye ajaliwe kuzaa. Sanamu hizo sasa huonekana zaidi katika makumbusho ya Ulaya kuliko vijijini. Mwali bado yupo, ila muda wake umepimwa kwa kalenda ya shule: huingia ndani likizo ikianza na hutolewa kwa ngoma kabla haijaisha.

Utani umeshika zaidi. Koo za Waluguru zina watani wao kwa wao, na kabila zima lina watani nje, wakiwamo Wazigua. Mtani ndiye mwenye kazi kwenye msiba. Huweza kukalia jeneza, kuzuia njia, kuiga kikohozi cha marehemu mbele ya wafiwa, na asiondoke mpaka apewe chochote. Mgeni hukasirika, wafiwa hucheka huku wanalia. Kazi hiyo ina upande wa pili usiochekesha, kwa kuwa mtani ndiye anayeruhusiwa kusema kweli inayowashinda ndugu: kwamba mirathi imekaliwa, au mjomba amekula haki ya wapwa zake.

Mjini, utamaduni ulichukua njia ya Kiswahili. Salum Abdallah na Cuban Marimba, kisha Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, waliufanya Morogoro kuwa mji wa muziki wa dansi Afrika Mashariki nzima. Salum alifariki mwaka 1965 na Mbaraka Januari 1979, wote wawili kwa ajali za barabarani. Kiluguru kimebaki lugha ya mlimani na ya vikao vya ukoo. Vijana wengi wanakielewa na kukijibu kwa Kiswahili. Mwaka 2021 mji ulipata soko kuu jipya, likapewa jina la Chifu Kingalu, na kila alfajiri wanawake hushuka kutoka vitongoji vya juu na matenga ya ndizi, majani ya mboga na stroberi kichwani kwenda kuuza katika mitaa inayolizunguka.

Suala la leo ni lile la 1955, likiwa na watu wengi zaidi. Mwaka 2008 misitu ya juu iliunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, yenye hekta zaidi ya 24,000. Ndani yake wamo viumbe wasiopatikana popote pengine duniani, na ndimo inamotoka sehemu kubwa ya maji ya Mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam, pamoja na vijito vinavyojaza bwawa la Mindu linaloinywesha Morogoro. Mkulima amebanwa kati ya mpaka wa hifadhi na shamba lililogawanywa kwa watoto wa dada wengi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatoa hati ya kimila kwa mtu au familia na kumpa mwanamke haki sawa na mwanamume. Baba mwenye fedha hununua shamba ili amrithishe mwanawe, na tombo hulalamika kwamba ardhi iliyouzwa haikuwa yake peke yake.

Katikati ya miaka ya 2000, mashirika ya CARE na WWF yalianzisha mpango katika vijiji vya Kibungo, kwenye chanzo cha Ruvu, ambao watumiaji wa maji wa bondeni, shirika la maji la DAWASCO na kampuni ya Coca-Cola Kwanza, walichangia fedha za kuwalipa wakulima watakaohifadhi udongo. Kazi waliyolipwa kuifanya ilikuwa kupanda miti na kuchimba matuta, yakiwamo matuta ya ngazi. Wajukuu wa waliogoma walichimba, maana safari hii kulikuwa na malipo na hapakuwa na askari. Waliosita ni wenye mashamba ya kuazima. Tuta la ngazi hudumu, na mti vilevile, na anayelima ardhi ya ukoo mwingine kwa kutoa ngoto hana ruhusa ya kuweka kitu cha kudumu mpaka aende kwanza kwa mndewa.